Kuongeza chumba kwenye nyumba ya zamani ya matofali ya kuchoma, Moshi

Nyumba ya zamani imeshatulia. Chumba kipya bado kitashuka, hata milimita chache. Kwa hiyo usikubali fundi atoboe ukuta wa zamani ili kuchomekea matofali mapya. Ufa utatokea palepale kwenye kona. Jenga ukuta mpya juu ya msingi wake, uache mwanya wa sentimita 1 hadi 2, uujaze stairofomu na kuuziba nje kwa silikoni. Tambarare za chini ya mji, kwenye udongo mweusi unaovimba masika na kupasuka kiangazi, jambo hili ni la lazima.

Msingi mpya ukihitaji kwenda chini kuliko wa zamani, chimba kipande cha mita 1, mwaga zege, kisha ruka kwingine. Ukifukua urefu wote kwa siku moja, ukuta wa zamani unabaki ukining'inia.

Kabla ya kukata ukuta wa zamani ili kuweka mlango wa kuingilia chumba kipya, kwangua kiungo cha matofali kwa msumari. Kikimomonyoka, matofali yameunganishwa kwa tope, na tofali moja likitoka huvuta mengine. Toboa matundu juu ya usawa wa rinta (boriti ya zege inayobeba ukuta juu ya mlango) kila sentimita 90, pitisha mbao nene, uzishikilie kwa mirunda pande zote mbili. Miguu ya mirunda ikae juu ya mbao, isizame. Hapo ndipo ukuta ukatwe.

Uwazi wa mita 1.8 unataka rinta ya mita 2.2, ili kila upande iukalie ukuta sentimita 20. Weka nondo nne za milimita 12, ringi za kuzifunga za milimita 8 kila sentimita 20, zege la 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto). Kwa rinta ya sentimita 23 kwa 20, mfuko mmoja wa saruji unatosha na kubaki. Mwagilia siku 7. Pengo lililobaki juu ya rinta lishindiliwe mchanganyiko mkavu wa saruji 1 na mchanga 3. Mafundi wengi huliruka, na ukuta hushuka kulijaza mara mirunda inapoondolewa. Usiiondoe kabla ya siku 14.

Ukuta wa matofali yaliyounganishwa kwa tope usipigwe lipu ya saruji na mchanga bila chokaa, maana ni ngumu kuliko ukuta na itabanduka. Changanya saruji 1, chokaa 1, mchanga 6.

Paa jipya lipite chini ya la zamani. Bati la kuziba maungio lichomekwe kwenye mfuo uliokatwa ukutani na kupigwa misumari upande wa zamani tu. Upande wa pili lilale juu ya bati jipya bila kufungwa, ili chumba kikishuka lisichanike.