Soma Mnyama Kwanza: Jinsi ya Kuchunguza Shaba za Benin Kabla Hujatoa Pesa

Kila baada ya miezi michache mtu huingia karakana yangu hapa Mji wa Kale, Mombasa, na kitu kizito alichokifunga gazetini. "Fundi, hebu nitazamie hii. Nimeambiwa ni ya Benin." Kazi yangu hasa ni masinia, mabirika na njumu za milango, lakini shaba ni shaba, na hizi za Benin nimezishughulikia miaka mingi kiasi cha kuwa na utaratibu wangu. Nauandika hapa nisiurudie tena kwenye simu.

Benin ninayoisema si ile nchi yenye mji wa Cotonou. Ni ufalme wa Waedo, makao yake Benin City, kusini mwa Nigeria, ambao mfalme wake huitwa Oba; shaba za Benin ni sanamu, vichwa na vyombo vya kasri lake. Oba wa sasa, Ewuare II, alitawazwa mwaka 2016.

Hatua ya 1: Kiweke mezani, usikisugue

Andaa sumaku, tochi ndogo, kioo cha kukuza, na pamba yenye spiriti kidogo. Brasso na ndimu viweke mbali kabisa. Pitisha sumaku. Ikinasa mwili mzima, una chuma kilichopakwa rangi, kirudishe gazetini. Ikinasa machoni tu, tulia: vichwa vingi vya Oba vilipachikwa mboni za chuma.

Hatua ya 2: Jina "bronzi" lisikuchanganye

Bronzi ni shaba nyekundu iliyochanganywa na bati. Nyingi ya kazi hizi ni shaba ya manjano, yaani shaba nyekundu na zinki, mara nyingi na risasi ndani yake. Wareno, na baadaye Wazungu wengine, walileta metali hiyo kwa umbo la bangili nzito ziitwazo manila. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023 ulionyesha kwamba shaba ya manila hizo ilitoka kwa wingi eneo la Rhineland, Ujerumani. Ukipata maabara ya kukupimia kwa eksrei, tazama zinki: ikizidi sana asilimia 30, kuwa na shaka, kwa sababu njia ya kale ya Ulaya ya kutengeneza shaba ya manjano haikuweza kuingiza zinki nyingi kuliko hapo.

Hatua ya 3: Uliza mnyama ni wa nani

Hapa ndipo ninapokaa muda mrefu kuliko hatua zote, na ndipo wanunuzi wengi wanapopita mbio. Benin, mnyama kwenye shaba hakuwekwa ili apendeze. Wasubu wa shaba, yaani mafundi wanaoiyeyusha na kuimimina, chama kiitwacho Igun Eronmwon, walifanya kazi kwa amri ya Oba, na kila kiumbe kilikuwa na mwenyewe.

Anza na chui. Oba huitwa chui wa nyumbani, na chui mwenyewe ni mfalme wa porini. Hawa wawili ni wenzi. Ruhusa ya kuchinja chui ilikuwa ya Oba peke yake. Chui wa shaba wengi ni mabirika: maji huingizwa kupitia kifuniko kilichoko kichwani, na Oba anaponawa mikono, yanamtoka mnyama puani. Sisi wa Pwani tunaomnawisha mgeni kwa birika kabla ya pilau tunaelewa haraka heshima iliyomo humo.

Nami chui alinifundisha adabu. Nilinunua mmoja kwa muuzaji ambaye sina haja ya kumtaja, madoadoa yamechorwa vizuri, masikio kama majani, kifuniko kinafunguka kwa bawaba. Nikafika nyumbani, nikamjaza maji, nikamwinamisha. Hata tone. Nikamulika puani kwa tochi: vitundu viwili vimebonyezwa tu, havikutoboka. Aliyemsubu alinakili picha, hakujua kwamba yule ni birika. Bado ninaye, anazuia mlango wa karakana usipigwe na upepo.

Kambare ndiye mgumu kumtambua, maana mara nyingi amegeuzwa pambo au msuko wa pembeni. Tafuta sharubu na mkia uliojikunja. Samaki huyu huishi majini na pia hustahimili nchi kavu. Waliokulia kando ya Ziwa Victoria na kuona kamongo akijizika matopeni hadi mvua irudi hawahitaji maelezo. Kwa Waedo ni kiumbe wa Olokun, mungu wa bahari na utajiri, na bahari ndiko ilikotoka ile shaba ya manila. Ukiona mfalme ambaye badala ya miguu ana kambare wawili, huyo ni Oba katika uwezo wake wa kimungu. Simulizi nyingine humhusisha na Oba Ohen, aliyepooza miguu. Mara nyingi huwa ameshika chui wawili kwa mikia, wananing'inia kama paka.

Chatu na mamba nao ni wa upande wa Olokun. Chatu wakubwa wa shaba walitambaa juu ya mapaa ya kasri, vichwa chini kuelekea mlangoni, na baadhi ya vichwa vyao vimebaki hadi leo.

Kisha kuna ndege mwenye mbawa zilizotanda, amesimama juu ya kijiti. Karibu mwaka 1515 Oba Esigie alikuwa akienda vitani dhidi ya Waigala wa Idah, ndege akalia juu yake, na watu wakasema ni ndege mbaya, turudi. Esigie akaamuru auawe, akaenda, akashinda. Akaagiza ndege huyo asubiwe kwa shaba, na katika sherehe ya Ugie Oro wakuu wa baraza humgonga mdomo kwa fimbo, ikumbukwe kwamba ndege yule alisema uongo. Basi kagua mdomo. Ndege aliyegongwa miaka mingi hulika pale anapogongwa. Ukimkuta amelika mbawa na mgongo sawasawa kama aliyepigwa msasa, uliza maswali.

Jogoo anapendwa sana madukani, huuzwa kama ndege wa kawaida. Kumbe mahali pake ni madhabahu ya Iyoba, mama wa Oba. Wakuu wa chini, kwa mababu zao, waliweka vichwa vya kondoo vya mbao; shaba ilikuwa ya kasri. Na mtu akikuletea twiga wa Benin, mnunulie chai, kisha umuage kwa heri.

Hatua ya 4: Angalia kilivyosubiwa

Kazi hizi husubiwa kwa nta: umbo la udongo, juu yake nta iliyochongwa, juu yake udongo tena, halafu nta huyeyushwa na shaba kumiminwa mahali pake. Kalibu huvunjwa, kwa hiyo hakuna pacha kamili. Ukikuta viwili vinavyofanana hadi kasoro, vimetoka kiwandani. Mulika ndani: udongo wa awali ukibaki, maabara inaweza kukisia ulichomwa lini. Mwisho futa mahali pa siri kwa pamba ya spiriti. Weusi ukihamia wote kwenye pamba, uzee huo ni rangi ya viatu.

Hatua ya 5: Ukigundua ni cha kale kweli, simama

Hapa ndipo ninapokosana na wateja. Februari 1897 jeshi la Waingereza liliteka Benin City, likabeba maelfu ya vitu, kasri likaungua, na Oba Ovonramwen akapelekwa uhamishoni Calabar, alikofia mwaka 1914. Kitu cha kale cha kasri kilichoko nje ya Nigeria karibu daima kilipitia mlango huo. Kwa hiyo kadiri majibu ya hatua nne za mwanzo yanavyokuwa mazuri, ndivyo ninavyokushauri usinunue.

Fungua Digital Benin kwenye intaneti. Ilipofunguliwa mwaka 2022 iliorodhesha zaidi ya vitu 5,000 vilivyomo katika taasisi 131 za nchi 20, na picha zake ni shule tosha ya kulinganisha. Mwombe muuzaji karatasi za umiliki tangu 1897, si "ilikuwa ya babu". Sheria ya Nigeria inakataza kutoa vitu vya kale nchini bila kibali cha tume ya taifa ya makumbusho. Na upepo umegeuka: jogoo wa Chuo cha Jesus, Cambridge, alikabidhiwa Nigeria Oktoba 2021, Ujerumani ilirudisha baadhi ya vitu Desemba 2022, na mwaka 2023 serikali ya Nigeria ikamtambua Oba kuwa mwenye mali. Mapema zaidi, 2014, Mwingereza Mark Walker alisafiri hadi Benin City kurudisha kengele na yule yule ndege wa Esigie, vitu ambavyo babu yake aliondoka navyo 1897.

Hatua ya 6: Kusanya kipya, waziwazi

Wasubu wa Igun Street, mtaa wao pale Benin City, bado wapo, wa ukoo ule ule, na siku hizi mtu yeyote anaweza kuwaagiza. Mwambie fundi mnyama unayemtaka na kwa nini; atakusahihisha, na masahihisho hayo ni nusu ya ulicholipia. Dai risiti yenye jina lake na mwaka, na kibali cha tume kinachothibitisha kuwa si kitu cha kale, la sivyo utakwama uwanja wa ndege.

Hatua ya 7: Kumtunza Pwani

Hewa yetu ya chumvi ni adui. Kijani kigumu kilichotulia kiache. Kijani hafifu cha unga unaotoka kwa kidole ni ugonjwa: tenga kitu hicho na vingine, kikaushe, kipeleke kwa anayejua. Vingine vipake nta nyembamba mara moja kwa mwaka, wakati wa kaskazi, kwa kitambaa laini. Na chui ukishamwonyesha mgeni anavyotoa maji, mgeuze kichwa chini usiku kucha, kifuniko wazi, maana maji yanayobaki tumboni ndiyo yanayomla.