Begi gani ubebe ukisafiri kutoka Dodoma

Wengi tukienda kununua begi tunaangalia rangi na bei, sawa, ila anza na kujiuliza utashukia wapi, maana kuondoka Dom ni rahisi, shughuli iko kule mwisho wa safari.

Kama unaenda Dar na treni ya SGR, unashuka stesheni unaita bajaji, begi la matairi ndio lenyewe, sakafu nzuri unasukuma tu. Sasa hilohilo libebe uende nalo vijijini ndani ndani kule Chemba au Mpwapwa uone, umeshushwa kwenye lami, mbele ni mchanga na bodaboda, matairi yanazama, unaishia kulibeba kichwani na lenyewe likiwa tupu tu linaweza kufika kilo tatu. Huko beba la mgongoni, mikanda iwe mipana, kwenye boda mikono inabaki huru.

Halafu kuna vumbi, hili watu wanalichukulia poa. Kiangazi chetu kirefu, kuanzia Mei mpaka Novemba mvua ni ya kusikia tu, na buti la basi linameza vumbi lote la njiani. Kwa hiyo dukani usiangalie begi linavyong'aa, cheki zipu, ifungue na kuifunga mara kadhaa hasa pale kwenye kona, ikikwama ukiwa dukani ujue ikijaa vumbi ndio basi tena. Vuta na mshikio kwa nguvu uone mshono, muuzaji akinuna anune. Binafsi bora begi la mtumba lenye zipu ya meno makubwa kuliko jipya la bei chee. Nguo zifunge kwenye kanga kabla hujaziweka, mifuko ya plastiki ya kubebea si ilipigwa marufuku tangu Juni 2019.

Shangazi kaja, lile begi kubwa la plastiki la mirabaraba, wasilicheke, ni jepesi na linameza kila kitu, ila lifunge kamba na usiweke cha thamani. Zabibu za ndugu weka kwenye ndoo yenye mfuniko, na dumu la alizeti lisimame peke yake, mafuta yakimwagika kwenye nguo hakuna sabuni itakayokusaidia.

Ndege ni mizani tu, la mkononi mara nyingi mwisho kilo 7, soma tiketi.

Kitambulisho, chaja na dawa viwe kwenye kibegi kidogo cha kifuani, konda hafungui buti katikati ya safari kisa simu yako imeisha chaji.