Ujerumani: usiulize duka gani rahisi, uliza rafu gani

Wadau mliofika Ujerumani juzijuzi, iwe kwa Ausbildung (mafunzo ya kazi), au pair, masomo au umemfuata mwenza wako, najua mkishapata chumba swali linalofuata ni supamaketi gani ya bei rahisi, na mnajibiwa Aldi na Lidl, basi imeisha. Jibu hilo sio baya ila limeishia njiani. Kuna watu wanaipita Rewe iliyo chini ya jengo lao na baridi yote ile wakafuate Lidl mbali kisa wameambiwa Rewe ya matajiri, wakifika huko wananunua maziwa, sukari, tambi na unga wa ngano, yaani vitu ambavyo pale Rewe vilikuwepo kwa bei ileile au tofauti ya senti tu. Huku bei inakaa kwenye rafu, jina la duka linakuja baadae.

Iko hivi. Kila duka kubwa lina bidhaa zake lenyewe za bei ya chini kabisa, Rewe wana ja! kwenye pakiti nyeupe, Edeka wana Gut & Günstig, Kaufland wana K-Classic, na bei za hizi bidhaa zinamfuata Aldi. Aldi akishusha siagi au maziwa leo wenzake nao wanashusha haraka, akipandisha wanapandisha. Kwaiyo ukiingia Rewe au Edeka angalia mkono wako unaenda wapi, maana vitu vya kampuni maarufu vimepangwa usawa wa macho alafu vya bei rahisi vimewekwa chini karibu na sakafu, inabidi uiname. Mtu akiinama analipa kama yuko Aldi, asipoinama kitu hichohicho anaweza kukilipia hata mara mbili.

Pale tofauti inapokuwa ya kweli ni kwenye nyama, matunda, mboga na vitu vya kaunta, hapo Aldi, Lidl, Penny, Netto na Norma mara nyingi wana nafuu, na Kaufland ana faida ya kuwa kubwa, unapata karibu kila kitu sehemu moja. Ujue pia nani ni ndugu ya nani: Lidl na Kaufland ni kundi moja la Schwarz, Penny ni ya Rewe, Netto ile ya njano na nyekundu ni ya Edeka. Aldi zenyewe zipo mbili, Nord na Süd, wale ndugu wawili Karl na Theo Albrecht waligawana mwanzoni mwa miaka ya 1960, ndo maana rafiki yako wa Munich anakutumia picha ya ofa ya Aldi na wewe uko Hamburg unaitafuta huioni. Na Edeka nyingi zinaendeshwa na wafanyabiashara binafsi, kwaiyo Edeka ya mtaa huu na ya mtaa wa pili zinaweza zisilingane bei, usije ukabishana na mtu bure.

Kitu cha pili, na mimi naona hiki ndo kikubwa kuliko vyote, ni kusoma yale maandishi madogo kwenye kibandiko cha bei. Sheria inawalazimisha waandike bei ya kilo au ya lita, inaitwa Grundpreis, na tangu mwishoni mwa Mei 2022 lazima iwe kwa kilo nzima au lita nzima, zamani walikuwa wanaweza kuandika kwa gramu 100 ukachanganyikiwa. Tuseme pakiti moja ina gramu 400 kwa euro 1.39 na nyingine ina gramu 500 kwa euro 1.59, macho yanakimbilia 1.39, ila kilo ya kwanza inakuja karibu euro 3.48 na ya pili ni 3.18. Na pakiti huku zinapungua ujazo kimyakimya huku bei ikibaki palepale, jambo linalowaudhi mpaka Wajerumani wenyewe, shirika la walaji la Hamburg lina orodha ya bidhaa za namna hiyo na kila mwaka watu wanapiga kura kuchagua iliyozidi. Ukizoea kuangalia bei ya kilo hawakupati.

Ofa zinabadilika Jumatatu, na kwenye Discounter, yaani maduka ya bei ya chini kama Aldi na Lidl, kuna nyingine zinaanza Alhamisi. Apu za kaufDA na marktguru zinakuonyesha makaratasi yote ya ofa ya maduka ya karibu yako bila kuzunguka. Apu za maduka yenyewe kama Lidl Plus zina punguzo la kweli, ila wanachukua kumbukumbu za kila unachonunua, hilo uamue mwenyewe. Mimi nasema chukua mbili za maduka unayoingia kila wiki, zingine achana nazo.

Sasa tuje kwenye chakula chetu, maana hapa ndo hela nyingi zinapotea. Supamaketi ya Kijerumani sio mahali pa kununua mchele. Watakuuzia nusu kilo, tena nyingine ziko kwenye vifuko vya kuchemshia, Kochbeutel, ukipiga hesabu ya kilo unashika kichwa. Mchele nenda duka la Kihindi au la Kiasia, beba basmati au ule wa jasmini gunia la kilo 5, 10 mpaka 20, mkiwa watu wawili watatu mnagawana. Hukohuko kuna choroko, dengu, unga wa atta wa chapati, tui la kopo, mihogo ya kugandishwa, tilapia mzima wa friza. Ila tui la kopo hata dm wanalo, dm ni duka la sabuni na pampasi lakini wana rafu ya chakula, karanga, oti, tui, na bei zao hazichezichezi wiki hadi wiki.

Duka la Mturuki ndo rafiki wa Mswahili, nasema kwa moyo wote. Bamia zipo, giligilani inauzwa fungu kubwa wakati supamaketi wanakupa vijiti kwenye plastiki, pilipili za kila aina, vitunguu kwa mfuko, limau, maharage makavu ya kilo. Yale yenye madoadoa, ambayo Wakenya wanaita nyayo, tafuta pakiti imeandikwa barbunya, sio yaleyale kabisa lakini yakiungwa na nazi hutajuta, na kunde zimeandikwa börülce. Bucha lao lina mbuzi mara mojamoja, kondoo karibu siku zote, ng'ombe wa mifupa, na ukimwambia akukatie vipande vya mchuzi anakukatia palepale bila kukushangaa. Zungumza nao, wasalimie, ukishakuwa mteja wanakuwekea utumbo na makongoro ambayo hata kaunta hayaoni.

Kwa Waislamu hapa naomba msome taratibu. Nyama ya kusaga iliyoandikwa gemischtes Hackfleisch ni mchanganyiko wa ng'ombe na nguruwe, ya ng'ombe peke yake inaitwa Rinderhackfleisch, pakiti zinafanana na ziko jirani kwenye frija. Schwein ni nguruwe, Speck ni nyama yake yenye mafuta, Schmalz mara nyingi ni mafuta yake, na pipi za watoto nyingi zina Gelatine ambayo kama haijaandikwa vingine mara nyingi ni ya nguruwe. Maduka mengi ya Kituruki na Kiarabu yana bucha la halali ila uliza, usikadirie.

Kwa wanaolilia kuku wa kienyeji, tafuta Suppenhuhn, yuko kwenye friza za supamaketi za kawaida. Ni kuku mtagaji aliyezeeka, mgumu, anataka kuchemshwa muda mrefu, supu yake inatoka na mafuta ya njano na harufu ya nyumbani, na bei yake kwa kilo ni ndogo ukilinganisha na kifua cha kuku ambacho kila mtu anakimbilia. Supu ya ng'ombe omba Beinscheibe, kipande cha mguu chenye mfupa, au Suppenfleisch, nyama ya supu.

Unga. Wa ngano huku una namba, 405 ni laini wa keki, 550 una nguvu zaidi, chapati na mandazi chukua 550 na zote zinapatikana kila duka. Ugali ndo kazi. Maisgrieß au Polenta ya supamaketi ni ya njano na ina chenga, watu wanaivumilia, wengine wanasonga ngano ya Weichweizengrieß, lakini sembe nyeupe utaipata duka la Kiafrika. Kuna unga mweupe wa mahindi ulioandikwa vorgekocht, umeshapikwa kabla, huo ni wa mikate ya Amerika Kusini na ugali wake haushiki kama wetu, usinunue kilo nyingi kabla hujajaribu.

Duka la Kiafrika lina bei juu, tukubali, mzigo umesafiri mbali na mwenye duka naye ana kodi ya fremu. Nenda mara moja kwa mwezi na orodha, chukua vile ambavyo kwingine havipo, sembe, dagaa, mawese, ndizi mzuzu, basi, vitunguu na mafuta ya kupikia usinunulie pale. Kisamvu kipo kwenye friza lakini pakiti imeandikwa pondu au saka-saka, maana maduka mengi yanaendeshwa na ndugu zetu wa Kongo na Afrika Magharibi, kimeshatwangwa wewe kazi yako ni nazi na karanga. Sukuma wiki hamna, ila kuanzia vuli mpaka mwisho wa baridi Grünkohl imejaa supamaketi, fresh kwenye mifuko au ya friza, kata nyembamba uikaange na kitunguu inakaribia kabisa. Mchicha wa friza chukua Blattspinat, ule Rahmspinat una krimu ndani na ugali hauendi nao.

Kwa Berlin anzia Müllerstraße kule Wedding kwa maduka ya Kiafrika, na ukiwa huko tembea kidogo mpaka mtaa wenye jina la Afrika, utapita Sansibarstraße, Usambarastraße, na ile Petersallee ya zamani ambayo mwaka 2024 ilibadilishwa na kipande chake kimoja sasa kinaitwa Maji-Maji-Allee, kwa Mtanzania kusimama pale ni jambo zito. Vitu vya Kiasia kwa wingi viko Dong Xuan Center, Lichtenberg. Soko la Maybachufer ni Jumanne na Ijumaa, nenda jioni karibu wanafunga, maembe na nyanya wanauza kwa boksi kwa bei ya kutupa ila kesho hazifiki, pika siku hiyohiyo. Hamburg pita Steindamm nyuma ya stesheni kuu, Frankfurt mitaa inayozunguka stesheni, Munich Goethestraße na Landwehrstraße.

Mambo ya haraka haraka. Jumapili na sikukuu maduka yamefungwa, na Bavaria hata siku za kawaida saa mbili usiku wanafunga, kwaiyo Jumamosi jioni kama huna chakula umebaki na maduka ya stesheni kubwa. Beba mfuko wako, beba sarafu ya toroli, na pale kwa keshia wa Aldi usijaribu kushindana nae kupanga vitu, rusha vyote kwenye toroli ukapange pembeni. Mturuki na Mwafrika wengi wanataka keshi au wana kiwango cha chini cha kadi. Maji ya bomba yanakunywika, kununua maji ni kujichosha mgongo.

Chupa na makopo usitupe. Chupa ya plastiki ya kutumika mara moja na kopo la soda au bia ni senti 25, chupa ya bia ya kioo ya kawaida senti 8, chupa nyingine za kurudishwa nyingi senti 15. Usizikunje, mashine lazima isome alama, inakupa karatasi na ile karatasi unampa keshia, watu wengi wanaisahau mfukoni mpaka inafuliwa.

Tarehe nazo ziko mbili. Mindestens haltbar bis maana yake ubora wake umehakikishwa mpaka siku hiyo, mtindi, mchele, biskuti baada ya hapo nusa, onja, kikiwa sawa kula. Zu verbrauchen bis, yaani kitumike kabla ya siku hiyo kupita, hiyo heshimu, iko kwenye nyama ya kusaga na kuku mbichi, ikipita usile. Nyama zilizokaribia tarehe wanabandika kibandiko cha punguzo, mara nyingi asilimia 30, ukiona peleka nyumbani weka friza siku hiyohiyo.

Na kama mwezi umekubana kweli, apu ya Too Good To Go inauza mabaki ya siku ya maduka na mabekari kwa bei ndogo, na Tafel, shirika la msaada wa chakula, wanatoa chakula kwa wenye kipato kidogo ukionyesha uthibitisho, wanafunzi nao sehemu nyingi wanaruhusiwa. Usione haya, ndo kazi yake.

Mwisho kwa wanaorudi likizo na masanduku. Nyama na bidhaa za maziwa kutoka nje ya Umoja wa Ulaya ni marufuku, hata ile nyama kavu aliyokukaushia mama wanaitupa uwanja wa ndege. Samaki wa matumizi yako mwenyewe unaruhusiwa mpaka kilo 20, kwaiyo dagaa wa Mwanza na wa Kigoma waje, wakaushwe vizuri na wafungwe wasinuke kwenye nguo. Matunda mengi yanataka cheti cha afya ya mimea, yaliyosamehewa ni nanasi, nazi, ndizi, tende na duriani, kwaiyo embe la shambani kwenu liacheni kwenu. Viungo vya pilau vilivyosagwa, majani ya chai, pakiti ya sembe, hivyo pakia mpaka zipu igome.