Kabla hujasaini I-864, fomu ya ahadi ya kumsaidia kifedha ndugu unayemleta Marekani

Wengi wakiamua kumwombea mzazi ukaazi wa Marekani huanza na swali moja: mshahara wangu unatosha? Mimi ningeanza kuhesabu vichwa. Kiwango cha mapato hupanda kwa kila mtu unayehesabiwa naye, na wapo unaoweza kuwasahau.

Tuseme raia ana mke na watoto wawili, na anamwombea mama yake. Hao ni watano. Kwa viwango vya 2025, nje ya Alaska na Hawaii, anatakiwa awe na dola 47,062 kwa mwaka, yaani asilimia 125 ya kiwango cha umaskini. Analipwa 50,000, hana wasiwasi. Kumbe miaka mitatu nyuma alimdhamini baba, na baba hajapata uraia. Baba naye yumo, hata kama anaishi kwa dada jimbo jingine. Sasa ni sita, kiwango ni 53,937, na kijana wetu amepungukiwa.

Pengo hilo linazibika. Akiba au mali inayouzika ndani ya mwaka mmoja inakubalika, ila thamani yake ifike mara tano ya pengo. Hapa ni dola 19,685. (Raia anayemdhamini mume au mke huhitaji mara tatu tu.) La sivyo, atafute mdhamini wa pili. Huyo lazima afikie kiwango peke yake, kwa kaya yake pamoja na mama anayekuja. Mapato ya wawili hayajumlishwi. Na kijana wetu, aliyemwombea mama, bado anasaini fomu yake.

Nyaraka zenyewe si nyingi: taarifa ya kodi ya mwaka wa karibuni, hati za mshahara, barua ya mwajiri, uthibitisho wa uraia au ukaazi. Waliojiajiri ndio hupata taabu. Ukitoa gharama hadi faida ikabaki kiduchu, kodi inashuka, lakini karatasi hiyohiyo ndiyo itakayosema wewe ni maskini.

Sahihi hiyo ni mkataba. Unaisha uliyemdhamini akipata uraia, akihesabiwa robo mwaka 40 za kazi (kama miaka kumi), akiondoka moja kwa moja na kuacha ukaazi, au mmoja wenu akifa. Talaka haiufuti. Mdhamini wa pili aambiwe haya kabla ya kuombwa, maana wengi hudhani wanasaini barua ya utambulisho. Naye pia, akihama nyumba, ana siku 30 za kupeleka fomu I-865 ya kutaja anwani mpya.