Kutafuta dhahabu ukiwa safarini Australia, kuanzia kibali mpaka kukung'uta karai

Wadau, kuna swali watu wanauliza sana, hasa wenye ndugu Australia au wanaopanga kwenda kutembea: hivi mgeni mwenye viza ya matembezi tu anaweza kuingia porini akatafuta dhahabu na atakachopata kikawa chake? Jibu ni ndio, inawezekana kabisa, na sehemu nzuri ya kuanzia kwa mawazo yangu ni jimbo la Victoria. Najua kwetu tumezoea vingine, Tanzania leseni ndogo ya uchimbaji ile PML ni ya Mtanzania tu, na Congo kadi ya mchimbaji mdogo ni ya Mkongo tu, kwa hiyo mtu anaona haiwezekani nchi ya watu wakuachie uokote mali yao. Wanakuachia, ila wanataka ufuate utaratibu, na mi nasisitiza hili mapema kwa sababu watu wengi wanaanza na kununua mashine ya bei kali halafu ndo wanauliza sheria. Anza na karatasi, halafu ramani, mashine ije mwisho.

Karatasi yenyewe inaitwa Miner's Right. Unaiomba mtandaoni kwenye huduma za serikali ya Victoria, unalipa pesa ndogo isiyofika hata dola 50 za kule, inakaa miaka 10. Ukiwa nayo unaruhusiwa kutafuta kwenye ardhi ya serikali iliyo wazi, na dhahabu utakayopata ni yako. Masharti yake yashike kichwani: vifaa vya mkono tu, yaani sululu ndogo, koleo, karai, na detekta (mashine inayolia ikipita juu ya chuma au dhahabu), hakuna pampu ya injini wala kijiko, yaani mashine ya kuchimbia. Shimo ulilochimba unalifukia kabla hujaondoka, usikate miti, kingo za mto usiziguse. Shamba la mtu unaingia kwa ruhusa ya mwenyewe, na kama eneo lina leseni ya uchimbaji ya kampuni unahitaji ruhusa yao pia. Hifadhi za taifa nyingi ni marufuku, chache zina sehemu zilizotengwa kama ile ya Castlemaine, na maeneo ya urithi wa wenyeji wa asili yanalindwa na sheria ya 2006, hayo hata ukikuta jiwe lililochongwa unaliacha lilipo. Kuna ramani ya bure ya serikali inaitwa GeoVic, humo unaona mipaka, leseni, na migodi ya zamani. Kaa nayo jioni nzima kabla ya safari, itakuokolea mafuta na faini.

Na kibali cha kutafuta sio kibali cha kazi. Ukiwa na viza ya matembezi fanya kama burudani, ukianza kuuza kila wiki na kuishi kwa hilo hapo umeingia ishu nyingine ya uhamiaji, ulizia kabla.

Sasa wapi? Kuna eneo wanaliita Golden Triangle, vimiji kama Dunolly, Tarnagulla, Wedderburn, Inglewood, Maryborough. Ukitokea Melbourne unaweza kuanzia Ballarat au Bendigo, zote zina treni, ila huko vijijini lazima uwe na gari. Ndugu zetu Wakongo mlioko Shepparton mpo karibu sana, Bendigo kwenu ni kama saa moja na nusu kwa gari. Moliagul, karibu na Dunolly, ndipo mwaka 1869 John Deason na Richard Oates walipokuta bonge linaitwa Welcome Stranger, dhahabu kama kilo 70, likiwa sentimita chache tu chini ya udongo kwenye mizizi ya mti, na Dunolly hapakuwa na mizani ya kulipima ikabidi lipasuliwe vipande kwenye fuawe la mhunzi. Usiseme hizo ni za kale zimeisha, mwaka 1980 huko huko Kingower mtu akiwa na detekta akatoa bonge la kilo 27, Hand of Faith, likauzwa kwa kasino moja ya Las Vegas. Wengi wetu tutapata vipunje vya chini ya gramu moja na hiyo ndo hali halisi, ila nakutajia hayo uelewe kwamba dhahabu ya eneo lile ni ya mabonge na iko juu juu, sio kama ya Geita ambayo mpaka usage mawe ndo uione.

Kanuni moja tu ya kuchagua sehemu: nenda walipochimba wazee wa kale. Usijifanye mgunduzi wa eneo jipya, wale watu kuanzia 1851 walipita kila bonde, pasipo na mashimo yao mara nyingi hapana kitu. Tafuta vifusi vya udongo mweupe au wa njano vimetapakaa msituni, mawe meupe ya kwazi yenye kutu nyekundu, mabonde makavu membamba. Halafu usisimame katikati ya mashimo ambapo kila mtu anasimama, angalia pembeni, pale mashimo yanapoanza kupungua kuelekea juu ya kilima, na kwenye vifusi vyenyewe maana wazee walikuwa wanaangalia kwa macho tu, bonge likiwa limefunikwa na tope la mfinyanzi lilitupwa pamoja na kifusi.

Detekta sasa. Usinunue kwanza, kodi. Kwenye vimiji vya huko kuna maduka yanakodisha kwa siku na mwenye duka anakufundisha, na maelezo yake ya nusu saa yana thamani kuliko video zote ulizoangalia. Udongo wa kule una chuma kingi, mashine za kawaida za kutafutia sarafu zinapiga kelele bila mpango, ndo maana watu wanatumia zile za aina ya palsi, yaani zinazotuma mapigo ardhini, kama GPX za Minelab ambayo ni kampuni ya huko huko Australia. Vaa hedifoni, weka koili (ile sahani ya chini ya detekta) karibu kabisa na ardhi bila kugonga, peleka kushoto kulia polepole, na kila mpito upishane na ule uliopita. Polepole maana yake polepole kweli, ukiona umemaliza eneo la uwanja wa mpira kwa asubuhi moja jua umelikimbia. Mlio unaoutafuta mara nyingi sio mkubwa, ni ile sauti ya chinichini inayopanda na kushuka kidogo, kama mbu anayepita mbali, wengi wanaupita huo wanafukuzia milio mikubwa ambayo ni vizibo na makopo.

Ukisikia kitu, kwangua udongo wa juu kwa buti, pitisha tena. Sauti imehama au imepotea? Ni taka ya juu, msumari au risasi ya kuwindia, iokote uweke mfukoni maana ukiiacha utaichimba tena kesho. Sauti imeongezeka ulivyokwangua? Chimba pembeni yake taratibu usije ukaipiga sululu, kila baada ya tabaka pitisha tena koili mpaka kitu kiwe kimetoka shimoni. Hapo chukua kikombe cha plastiki, chota udongo ule, pitisha kikombe juu ya koili, ukilia mwaga nusu kiganjani na upime tena, nusu ya nusu, mpaka ubaki na punje. Sumaku kwenye mpini wa sululu inakusaidia, kikinasa ni chuma. Na chimba kila mlio, hata ukichoka, risasi za zamani zinalia sawasawa na dhahabu na hakuna masikio ya kutofautisha.

Usiku ukiangalia ulichopata, usidanganywe na vya kung'aa. Dhahabu ina rangi ile ile juani na kivulini, mika na pairaiti zinang'aa ukizigeuza na kuzima. Igonge kidogo na nyundo, dhahabu inabonyea, pairaiti inasambaratika unga.

Kama detekta ni gharama basi karai, na hapa wengi wetu tuna damu ya kazi hii. Kwenye vijito watu wanatumia karai la plastiki la kijani au bluu lenye mifereji upande mmoja. Usichote mchanga popote tu. Dhahabu ni nzito, uzito wake ni mara 19 ya maji wakati kwazi haifiki hata mara 3, kwa hiyo inazama mpaka inakwama: upande wa ndani wa kona ya mto, nyuma ya jiwe kubwa, kwenye nyufa za mwamba wa chini, juu ya tabaka la mfinyanzi. Nyufa ndo penyewe, chokonoa na bisibisi mpaka udongo wa mwisho utoke. Jaza karai robo tatu, lizamishe, vunja madongo yote kwa vidole, suuza mawe makubwa ndo uyatupe. Halafu likiwa limelala sawa litikise kushoto kulia kwa nguvu, hii hatua watu wanairuka na ndo inayozamisha dhahabu. Sasa liinamishe mbele kidogo, maji yabebe tabaka la juu tu, lirudishe, tikisa tena, inamisha tena. Ukibaki na mchanga mweusi punguza kasi, weka maji kidogo tu, zungusha taratibu, mchanga mweusi unatangulia na nyuma unabaki mkia wa njano ambao hausogei. Kama vumbi la dhahabu linaelea juu ya maji ni mafuta ya mikono au losheni ya jua, tone la sabuni ya vyombo linalizamisha.

Kama hujawahi kabisa kushika karai, pita Sovereign Hill pale Ballarat, ni makumbusho ya wazi na wana kijito ambacho wageni wanaosha dhahabu kweli na kuondoka nayo. Watoto wanapenda sana.

Zebaki ya kunasia dhahabu isahau. Najua kwetu ni kawaida na mtu anaona bila zebaki hujafanya kazi, lakini ndege haikubebi nayo, na kwa mabonge na punje zinazoonekana kwa macho huihitaji, na ule moshi wake unaharibu ubongo na figo za mtu na za wanaoishi naye. Hapa siwezi kubembeleza.

Usalama, msome hii hata kama mengine mmeruka. Msitu ule umejaa maduara, yaani mashimo marefu ya wachimbaji, ya miaka ya 1850, mengine hayana ukingo wala uzio, yamefunikwa na majani na matawi, usitembee kinyumenyume ukiangalia koili na usitembee giza. Nyoka wapo, na wa sumu kali, vaa buti na gaita (vikinga miguu vya juu ya buti), beba bendeji ndefu pana. Mtu akiumwa mfunge kwa kubana kuanzia jeraha na mguu mzima, asitembee kabisa, piga 000, namba ya dharura ya kule. Usikate jeraha usinyonye. Mtandao wa simu kwenye mabonde unakatika, kwa hiyo mwambie mtu unapokwenda na saa ya kurudi, na weka alama ya GPS pale ulipopaki gari maana miti ya kule inafanana kila upande. Nenda kati ya Aprili na Oktoba, kiangazi cha Desemba na Januari ni joto kali, nzi, na moto wa msituni.

Kwa walioko kwingine, kwa haraka: New Zealand wana maeneo ya umma ya kuosha dhahabu ambayo hata kibali huhitaji, vifaa vya mkono tu, na Arrowtown unakodi karai unashuka mtoni. Kanada, Dawson City, kuna kitalu kinaitwa Claim 6 kwenye kijito cha Bonanza, wageni wanaosha bure na unachopata ni chako.

Hazina ni habari nyingine kabisa na nawaomba msichanganye. Dhahabu ya asili ni madini, sarafu na vito vilivyofukiwa ni historia ya watu. Uingereza unaweza kutafuta na detekta kwa ruhusa ya mwenye shamba, lakini kutafuta kwenye maeneo ya kale yaliyosajiliwa ni kosa la jinai, na kwa sheria yao ya hazina, Treasure Act ya 1996, ukikuta hazina unaripoti ndani ya siku 14. Faida ipo ukifuata, mwaka 1992 kule Hoxne mzee mmoja alikuwa anamtafutia mkulima nyundo iliyopotea akakuta sarafu za Kirumi karibu 15,000, akaacha kuchimba akaita wataalamu, akalipwa vizuri na akagawana na mwenye shamba. Mwaka 2015 karibu na Leominster wawili walikuta hazina wakaificha na kuiuza kimyakimya, 2019 wakafungwa, na sarafu nyingi hazijaonekana mpaka leo. Nawaambia hata nyinyi mnaovunja misingi ya maboma ya Kilwa na Tabora kutafuta rupia za Mjerumani, ni kweli zile za dhahabu zenye tembo zilipigwa Tabora 1916 kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke, lakini hakuna aliyezifukia chini ya kila boma, mnachobomoa hakirudi.

Kuuza. Bonge la asili usiliyeyushe, wakusanyaji wanalipa zaidi ya bei ya uzito wake. Uliza wanunuzi wawili watatu, pima mwenyewe kwanza kwa mzani mdogo, na kumbuka aunsi ya dhahabu ni gramu 31.1 sio 28. Kama unarudi nayo nyumbani, tembea na nakala ya Miner's Right, picha za ulipoipata na risiti zozote, itangaze forodha pande zote mbili, na likiwa bonge kubwa kweli uliza kwanza kama linahitaji kibali cha kutoka nchini maana Australia wana sheria ya urithi ya 1986. Na wakati wa kuingia Australia, kama umebeba buti au karai ulilotumia kwenu, lisugue mpaka lisibaki hata chembe ya udongo na ulitangaze kwenye kile kikaratasi cha uwanja wa ndege, udongo wa kigeni wanauogopa kuliko unavyodhani na faini yake unatoa hapo hapo.