Uzi wa sweta la mtumba usiufume ukiwa na mikunjo

Baridi la Juni hapa Uyole, Mbeya, limenirudisha kwenye sindano za kufumia, na jamani nimejifunza kitu. Ukifumua sweta la mtumba uzi unatoka umejikunjakunja kama tambi, ukifuma hivyohivyo kazi inakuwa na mabondemabonde. Sasa uzungushie kwenye mgongo wa kiti (mwanangu wa pili anagombania hiyo kazi), funga sehemu nne kwa kulegeza usivurugike, loweka maji ya uvuguvugu nusu saa, kamua kwa kuminya tu usisokote, halafu tundika kivulini na chupa ndogo ya maji ining'inie chini. Maji yanalegeza uzi, uzito unaunyoosha taratibu wakati unakauka, siku mbili hivi kwa hali ya hewa yetu.

Ila kabla hujanunua pale soko la Mwanjelwa geuza sweta uangalie mshono wa ubavuni, ukiona limekatwa na kupigwa ovaloki (ule mshono wa mashine wa kuzuia ukingo usifumuke) achana nalo, utapata vipande vifupivifupi tu. Na la sufu lililoshikamana kwa kufuliwa maji ya moto halifumuki kabisa. Uzi wa nailoni haunyooki wote lakini unafumika vizuri tu.