Namna ya Kufundisha Maisha ya Imre Nagy

Mwalimu wa historia hapa Dodoma anayewaeleza wanafunzi wa kidato cha sita maisha ya Imre Nagy, waziri mkuu wa Hungaria, asianze na kuzaliwa kwake Kaposvár mwaka 1896. Aandike ubaoni tarehe tatu za mwaka 1956: 24 Oktoba, aliporudishwa madarakani kufuatia maandamano ya Budapest, 1 Novemba, alipotangaza kuwa nchi yake inajitoa katika Mkataba wa Warsaw, yaani muungano wa kijeshi ulioongozwa na Umoja wa Kisovieti, na 4 Novemba, majeshi ya Kisovieti yalipoishambulia Budapest alfajiri. Aache nafasi kati ya tarehe hizo, wanafunzi wajaze sababu wenyewe.

Kisha arudi kwenye uwaziri mkuu wake wa kwanza, 1953 hadi 1955, alipowaruhusu wakulima kujitoa katika mashamba ya ushirika. Hapa asiharakishe, kwa kuwa wanafunzi wengi wa Ugogo wana babu na bibi walioishuhudia Operesheni Dodoma ya mwanzoni mwa miaka ya 1970, iliyowahamishia watu katika vijiji vya ujamaa, na wanaweza kuwauliza, ingawa mazingira ya nchi hizi mbili hayafanani.

Kuhusu kunyongwa kwake 16 Juni 1958, ni lazima ielezwe wazi kwamba Nagy alikuwa mkomunisti, na kwamba waliomhukumu walikuwa wakomunisti wenzake. Alizikwa upya kwa heshima tarehe hiyohiyo mwaka 1989.